Jinsi ya Kusikiliza na Kunasa Wimbo wa Nyangumi Katika Pwani ya Afrika Mashariki

Kila mwaka, upepo wa Kusi ukishika kasi, nyangumi wenye nundu huyaacha maji baridi yanayoizunguka Antaktika, mahali wanapokula na kunenepa, wakasafiri maelfu ya kilomita hadi kwenye maji yetu ya vuguvugu ili kujamiiana na kuzaa. Kuanzia Julai hadi Oktoba hupita mbele ya Mtwara, Kilwa, Unguja, Pemba, Shimoni na Watamu, na wavuvi wengi wamewahi kuona mgongo mweusi ukiinuka na mvuke ukifuka juu ya maji. Waliowasikia ni wachache mno. Jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu madume wa nyangumi hawa huimba, tena usiku na mchana, chini ya mbao za vyombo vyetu, na anayetaka kuwasikia hahitaji meli ya utafiti. Anahitaji kifaa kidogo, asubuhi tulivu, na subira ya kunyamaza yeye na kunyamazisha kila kilichomo chomboni.

Mwimbaji na wimbo wake

Ni vyema kujua unachokitafuta kabla ya kushusha chochote majini. Nyangumi mwenye nundu ana urefu wa mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 30 hivi, na hutambulikana kwa mapezi yake ya kifuani, ambayo urefu wake hufikia theluthi moja ya mwili. Dume anapoimba kwa kawaida hutulia mahali pamoja, mita 15 hadi 30 chini ya maji, kichwa kikielekea chini na mkia ukiwa juu, na huweza kukaa hivyo dakika 10 hadi 20 kabla ya kupanda kuvuta pumzi. Hutaona povu likipanda, kwa maana hewa haitoki nje. Huizungusha ndani kwa ndani. Mwaka 2024 watafiti walioongozwa na Coen Elemans wa Chuo Kikuu cha Southern Denmark walieleza kwamba ndani ya zoloto la nyangumi wa jamii hii kuna kiungo chenye umbo la herufi U kinachokandamiza mto wa mafuta, na hewa inapopita hapo mto huo hutetemeka na kutoa sauti.

Kwamba sauti hizo ni wimbo, yaani mpangilio unaorudiwa na wala si makelele yanayotoka ovyo, kulithibitishwa na Roger Payne na Scott McVay katika makala waliyochapisha mwaka 1971, wakitegemea kwa sehemu kubwa kanda alizozinasa mhandisi Frank Watlington huko Bermuda alipokuwa akifanyia kazi jeshi la majini la Marekani. Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili ataelewa mpangilio huo upesi kuliko wengi. Sauti moja moja ni kama mizani. Mizani kadhaa zikifuatana hufanya mshororo. Mshororo huo huo ukirudiwa mara nyingi, labda ukibadilika kidogo tu kila unaporudi, hufanya ubeti, na hapo ndipo nyangumi anapotofautiana na malenga wetu, kwa kuwa ubeti wake ni mshororo mmoja unaorudiwa. Beti kadhaa zikipangwa kwa utaratibu ule ule hufanya shairi zima, ambalo mara nyingi huchukua dakika 10 hadi 20, na mwimbaji akimaliza huanza tena bila kupumzika, kwa muda wa saa nyingi.

Hata vina wanavyo. Mwaka 1988 Linda Guinee na Katharine Payne walionyesha kwamba nyimbo zenye beti nyingi ndizo zenye miisho inayofanana zaidi, wakapendekeza kwamba huenda miisho hiyo humsaidia nyangumi kukumbuka kinachofuata. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilimkumbuka kila mzee niliyemsikia akighani utenzi mrefu kwa moyo, asitazame karatasi.

La mwisho la kujua ni kwamba madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kadiri msimu unavyosonga, huku wote wakibadilika pamoja. Mabadiliko yakiwa makubwa huweza kuufuta wimbo wa zamani kabisa: katika miaka ya 1990 madume wa mashariki mwa Australia waliuacha wimbo wao wakashika ule wa wenzao wa magharibi, na ilichukua misimu michache tu. Ndiyo sababu rekodi yenye tarehe na mahali ina thamani kubwa, hata ikiwa imenaswa na mvuvi kwa kifaa cha bei ndogo.

Kifaa cha kusikilizia

Njia ya kwanza haina gharama. Zima injini, tumbukiza bapa la kasia majini, kisha bana ncha ya mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio au kwenye taya. Mbao hupitisha sauti, na mwimbaji akiwa karibu utasikia mlio mrefu unaopanda na kushuka. Katika karne ya 15 Leonardo da Vinci aliandika kwamba mtu akitia mrija mrefu majini na kutega sikio kwenye ncha ya juu atasikia meli zilizo mbali; kanuni ni ile ile. Anayejua kuogelea anaweza pia kuzamisha kichwa kando ya chombo na kubana pumzi. Majini sauti husafiri takribani mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo hufika kwenye masikio yote mawili karibu kwa wakati mmoja, na msikilizaji hushindwa kutambua inatoka upande gani.

Kwa kazi ya kunasa utahitaji haidrofoni, yaani maikrofoni iliyoundwa kwa ajili ya majini. Zinauzwa zilizo tayari, zikiwa na kebo yake (kwa mpangilio wa boya ulioelezwa hapa chini utahitaji ya mita 25 hadi 30), lakini fundi redio wa mtaani kwenu anaweza kukutengenezea ya kuanzia. Tafuta kisahani cha piezo, kile cha rangi ya shaba chenye doa jeupe katikati, ambacho hupatikana ndani ya baza za kengele za mlangoni na vitu vya kuchezea watoto vinavyolia. Waya wa ndani wa kebo ya sauti hulehemiwa kwenye doa jeupe, na wavu unaouzunguka hulehemiwa kwenye ukingo wa shaba. Kazi hii ifanywe upesi, kwa sababu chuma cha kulehemu kikikawia lile doa huungua na kubanduka. Baada ya kukijaribu kwa kukigonga kidogo kwa ukucha na kusikia mlio, kifunike chote kwa gundi ya epoksi, tabaka tatu, kila tabaka likaushwe usiku kucha, na gundi ipande juu ya ganda la kebo sentimita tatu hivi, maana maji huanzia kupenya mahali kebo inapoingilia. Haidrofoni yangu ya kwanza ilidumu asubuhi mbili. Nilikuwa nimepaka tabaka moja, na nilipoipasua nilikuta chumvi imeshakula lehemu yote.

Umeme unaotolewa na kisahani hicho ni dhaifu, na ukiuunganisha moja kwa moja na kinasa sauti utapoteza sauti nzito, ambazo ndizo mhimili wa wimbo. Mwombe fundi akuwekee amplifaya ndogo ya betri kati ya kebo na kinasa. Usitumie chaja wala umeme wa chombo wakati wa kunasa, kwa sababu huingiza mvumo usiotoka tena kwenye rekodi. Kinasa sauti cha mkononi, cha aina wanayotumia waandishi wa habari, kinafaa kuliko simu, kwa kuwa unaweza kuzima marekebisho ya sauti yanayojiendesha yenyewe. Ongeza hedifoni zinazofunika masikio yote, mfuko usiopitisha maji, daftari na penseli. Wino hufutika ukilowa.

Kutoka baharini

Chagua siku kwa kuzingatia upepo na maji. Katika miezi ya Julai na Agosti Kusi huvuma kwa nguvu, na mawimbi madogo yanayopasuka juu yana kelele inayofunika nusu ya wimbo, hivyo ondoka alfajiri wakati wa umande, ukae na saa mbili au tatu kabla upepo haujaamka. Septemba na Oktoba, Kusi inapolegea na maleleji yakikaribia, bahari huwa tulivu zaidi na waimbaji bado wapo. Siku za maji mafu, kujaa na kupwa kukiwa kudogo, ni bora kuliko za bamvua, kwa kuwa mkondo hauvuti kebo sana. Ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari omba ruhusa kwanza, na nahodha mwenyeji asikosekane chomboni hata kama unajiona mjuzi.

Nenda nje ya miamba, mahali penye kina. Karibu na mwamba utasikia mlio usiokoma unaofanana na dagaa wakikaangwa kwenye mafuta mengi. Hao ni kamba wadogo wanaoalisha kucha zao, na ni wengi kiasi kwamba huziba kila kitu kingine. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na nyakati za Kusi huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo anzia kusini mwa eneo unalolitaka, kisha chombo kielee chenyewe. Usitie nanga. Mnyororo wake hugongana na mawe, na maji yanayopita kwenye kebo iliyosimama huifanya ivume kama uzi wa kinanda uliokazwa. Ukielea pamoja na maji, mvumo huo hutoweka.

Zima injini, kisha zima kipima kina, ambacho mipigo yake haisikiki juu lakini chini ya maji hugonga mfululizo. Zima redio. Funga sufuria, vikombe na chochote kinachoweza kubingirika ndani, na wote waliomo wavue viatu na kuketi. Nasisitiza haya kwa sababu nimeona watu wenye vifaa vya gharama wakirudi na rekodi ya nyayo na vicheko. Ubao wa chombo ni ngozi ya ngoma. Kinachogusa ubao husikika majini.

Usiiache haidrofoni ining'inie moja kwa moja kutoka ubavuni mwa chombo, maana kila wimbi litaivuta juu na chini na utanasa mshindo mzito usio na faida. Chukua dumu tupu la lita 5 liwe boya, ulifunge kwa kamba na kuliachia lielee mita 10 hivi kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo. Chini ya dumu funga ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye urefu wa mita moja. Mpira huo ndio utakaomeza mtikisiko wa mawimbi. Kutoka kwenye ukanda shusha kamba nyembamba ya mita 10 au 15 yenye chubwi mwishoni, kisha ifunge haidrofoni kwenye kamba hiyo, nusu mita juu ya chubwi, ili uzito ubebwe na kamba na wala usibebwe na kebo. Kebo yenyewe ifungwe kwenye kamba kila baada ya hatua moja, ikilegezwa kidogo.

Vaa hedifoni, fumba macho, subiri dakika tano nzima. Sikio huchukua muda kuzoea bahari. Mwanzoni husikii chochote isipokuwa maji; baadaye, mahali ulipodhani pana kimya, huibuka mkoromo mrefu kutoka mbali, ukafuatiwa na mlio unaopanda kama mlango mzito wenye bawaba kavu, halafu vilio vitatu vifupi vyembamba, kisha mkoromo tena. Ukiusikia mkoromo huo ukirudi kwa mpangilio ule ule, umempata mwimbaji.

Haidrofoni moja haikuambii yuko upande gani, lakini unaweza kukadiria umbali. Sauti nyembamba hufifia upesi kuliko nzito, kwa hiyo ukisikia sehemu nzito pekee, mwimbaji yuko mbali, pengine kilomita nyingi. Ukisikia vilio vyembamba vikiwa safi na vikali, yuko karibu. Sogea kilomita moja au mbili, zima tena, linganisha. Mara chache sana mwimbaji huwa chini yako hasa, na hapo ubao wa chombo hutetemeka chini ya kiganja. Likitokea hilo, kaa palepale na usiwashe injini mpaka atakapopanda kupumua na ukajua alipo.

Usimfuate. Kanuni za Australia, kwa mfano, hukataza chombo kumkaribia nyangumi chini ya mita 100, na akiwepo ndama humtaka nahodha asikaribie chini ya mita 300. Nami naona huo ni mpaka mzuri kwa pwani yetu pia. Mama na mwanawe ndio wa kuhurumiwa zaidi. Watafiti waliobandika vinasa sauti kwenye ndama katika ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, walikuta kwamba mama na mtoto husemezana kwa sauti za chini sana, kama watu wanaonong'onezana, na makala yao ya mwaka 2017 ilieleza kwamba huenda hufanya hivyo ili wasisikiwe na wale wanaowawinda. Mashine moja ya boti ikipita karibu hufunika mnong'ono huo wote. Aliye na shaka kwamba kelele huwaumiza wanyama hawa na atazame kilichotokea Bay of Fundy huko Kanada baada ya Septemba 11, 2001: meli zilipopungua ghafla, kelele majini ikashuka kwa desibeli 6, na viwango vya homoni za msongo kwa nyangumi wa hapo vikashuka pia.

Kunasa na kutambua

Nasa kwa faili la WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde. MP3 huokoa nafasi kwa kukata sehemu za sauti ambazo mtafiti huzihitaji. Kwa kipimo hicho saa moja ya chaneli moja huchukua megabaiti 350 hivi, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha msimu mzima. Weka kiwango cha sauti kwa namna ambayo vilio vikali haviigusi alama nyekundu, na ukishakiweka usikiguse tena. Mwanzoni mwa kila rekodi sema kwa mdomo wako tarehe, saa, mahali kwa vipimo vya GPS, kina cha haidrofoni na hali ya upepo. Karatasi hupotea, lakini sauti yako itabaki imeshikamana na faili. Nasa kwa dakika 30 au zaidi bila kukatisha, la sivyo utapata beti mbili tatu bila kujua shairi linaanzia wapi.

Si kila sauti ni ya nyangumi. Filimbi nyembamba zinazopinda upesi, pamoja na mipigo ya haraka inayofanana na ukindu unaochanwa, ni za pomboo. Mvumo usiobadilika kwa dakika nyingi ni meli, hata kama haionekani kwenye upeo wa macho. Mshindo mmoja mkavu unaofuatwa na mwangwi huenda ukawa baruti ya wavuvi haramu. Mwaka 2015 watafiti waliozunguka pwani ya Tanzania wakivuta haidrofoni nyuma ya chombo walinasa milipuko ya aina hiyo katika pwani nzima, na zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar es Salaam. Ukiusikia, andika saa na mahali. Hiyo nayo ni rekodi yenye kazi.

Ukirudi nyumbani fungua faili kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity au Raven Lite, ambazo hazilipiwi, uchague mwonekano wa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nyembamba juu na nzito chini huku muda ukienda kulia. Punguza upeo wa juu hadi hezi 4,000 ili wimbo ujae kwenye skrini. Mikoromo huonekana kama mistari minene iliyolala chini, vilio huonekana kama mikunjo inayopanda, na mikwaruzo husimama kama meno ya kitana. Sasa ipe kila sauti silabi ya Kiswahili inayokaribiana nayo na uandike kama unavyoandika shairi. Tuseme mshororo wa kwanza ni "mruu, mruu, wii-kri-kri", unaorudiwa mara saba, na wa pili ni "mruu, oo-wip, oo-wip", unaorudiwa mara nne. Baada ya ukurasa mmoja utaona beti zinavyopangika, na utaweza kulinganisha na rekodi ya mwenzako wa Watamu au Kizimkazi bila kumtumia faili zito.

Ukiwa umepata pia picha ya upande wa chini wa mkia, ambao alama zake nyeupe na nyeusi ni kama alama za vidole, itume kwenye tovuti ya Happywhale, inayolinganisha mikia kutoka bahari zote. Wasomaji walio mbali na pwani, wa Kigoma au Bujumbura, wanaweza kuzoeza sikio kwa matangazo ya moja kwa moja ya MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya Kalifonia, ambayo haidrofoni yake imelazwa karibu mita 900 chini ya ghuba ya Monterey tangu mwaka 2015. Huko wimbo wa nyangumi wenye nundu husikika zaidi kuanzia Oktoba hadi Januari, miezi ambayo wetu wanaondoka au wameshaondoka.

Msimu ukiisha, suuza haidrofoni na kebo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe kivulini, ikague gundi kama ina ufa, na hifadhi nakala mbili za kila rekodi mahali pawili tofauti. Julai inayofuata, kabla ya kutoka mara ya kwanza, isikilize rekodi ya mwisho ya Oktoba huku karatasi yako ya mishororo ikiwa mkononi, kisha uende baharini na karatasi hiyo hiyo, uweke alama ya penseli kwenye kila mshororo ambao bado unaimbwa.